Walioanza 24, waliomaliza 13: je, utafiti wangu umekufa?

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika chuo kimoja hapa Dodoma, nasoma sayansi ya michezo na mazoezi. Utafiti wangu wa kumalizia shahada unauliza kama mazoezi ya kuruka, mara mbili kwa wiki kwa wiki nane, yanaongeza kimo anachoruka mchezaji wa mpira wa miguu wa sekondari. Nilianza na vijana 24 wa miaka 15 hadi 17. Kumi na wawili walifanya mazoezi ya kuruka, 12 wakaendelea na mazoezi yao ya kawaida. Waliomaliza ni 13 tu: 8 wa kundi la kuruka na 5 wa kundi linganishi. Watano wa kidato cha nne walitolewa kwa ajili ya mitihani ya majaribio, wawili wa kundi la kuruka waliumia, mmoja alihama shule, watatu waliacha tu. Nilipima kwa chaki ukutani, kila mmoja mara tatu. Kipimo cha mwanzo tulifanyia barazani kwenye saruji. Siku ya kipimo cha mwisho tulikuta baraza limejaa madawati ya mtihani, tukahamia ukuta wa stoo upande wa uwanjani, ambako chini ni udongo. Programu ya takwimu ya SPSS imenipa p ya 0.21, juu ya mpaka wa kawaida wa 0.05, yaani tofauti niliyoiona inaweza kuwa ya bahati tu. Msimamizi wangu yuko safarini na hajibu ujumbe. Zimebaki wiki saba. Mwenzangu wa chumbani anasema nijaze tu namba za wale 11, kwamba hakuna atakayejua. Nifanyeje?

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa jua la uwanjani, na pole zaidi kwa wasiwasi. Utafiti wako haujafa. Swali uliloanza nalo limekuwa kubwa kuliko data uliyoipata, na hilo linatibika ndani ya wiki saba mradi kazi ianze wiki hii.

Nianze na ushauri wa mwenzako, maana naona ndio unaokunyima usingizi. Usijaze hata namba moja. Wale watano wa kidato cha nne, madaftari ya shule yanaonyesha walikuwa wapi siku za mazoezi. Mwalimu wa michezo anajua nani alihama na nani alikuwa anachechemea. Mtahini akikuomba karatasi ulizoandikia uwanjani, zile zenye vumbi na alama za vidole, utampa zipi? Na namba za kubuni zina harufu yake. Anayebuni huwapandisha watu wote kwa kiasi kinachofanana, huogopa kumweka mtu aliyeshuka, na mkono wake hupenda kumalizia na 0 au 5. Nimekaa kwenye meza ya utetezi miaka mingi, na mara nyingi swali moja dogo hutosha: "Huyu namba 17 mara ya pili aliruka pungufu, unakumbuka siku hiyo kulikuwa na nini?" Aliyepima anakumbuka. Aliyebuni anatazama dari.

Tuseme usingekamatwa. Wapo wale vijana wawili walioumia. Ukiwapa namba nzuri ya kipimo cha mwisho, umefuta maumivu yao kwenye kumbukumbu. Mwaka kesho mwalimu wa michezo wa Kongwa au Manyoni atasoma kazi yako maktabani, ataona programu iliyowanufaisha wote 12 bila tatizo, naye atawapa wanafunzi wake vilevile, mruko kwa mruko. Hilo ndilo linaloniuma mimi kuliko adhabu ya chuo, ingawa adhabu nayo ipo na inaweza kukugharimu shahada.

Sasa nikuambie jambo litakalokupunguzia mzigo. Hata wangemaliza wote 24, bado ungeweza kupata p ya namna hiyo. Ukilinganisha makundi mawili na ukataka uwezekano wa asilimia 80 wa kuiona tofauti ya wastani, yaani yenye ukubwa wa nusu ya mtawanyiko wa vipimo (standard deviation), unahitaji watu 64 kila kundi. Tofauti ikiwa kubwa, ya 0.8 ya mtawanyiko, bado unahitaji 26 kila kundi. Wewe ulikuwa na 12. Udogo wa sampuli ulikuwamo tangu pendekezo la utafiti, ukapita mikononi mwako na mwa waliolipitisha, kwa hiyo usijilaumu kana kwamba ni wale vijana waliokuponyoka ndio walioharibu kila kitu. Programu ya bure iitwayo G*Power inafanya hesabu hiyo kwa dakika chache. Ifungue, uweke namba zako, uandike matokeo yake kwenye Sura ya Tano unapoeleza mipaka ya utafiti.

Na hapo hapo, tazama Sura yako ya Tatu. Ukikuta umeandika kwamba ukubwa wa sampuli ulipatikana kwa fomula ya Yamane, ifute kwa ruhusa ya msimamizi. Naiona kila mwaka. Fomula ile inakusaidia unapotaka kukadiria jambo katika umma mkubwa kwa dodoso, mathalani asilimia ya wanafunzi wa Jiji la Dodoma wanaocheza mchezo wowote baada ya masomo. Haijui lolote kuhusu mazoezi ya kuruka wala kuhusu kulinganisha makundi mawili. Andika ukweli: ulichukua timu moja ya shule moja iliyokubali kushirikiana nawe, na timu ilikuwa na wachezaji 24. Mtahini mwenye akili ataliheshimu hilo.

Tuje kwenye hiyo p. Wanafunzi wengi wakiona 0.21 huandika "mazoezi hayakuwa na athari". Usiandike hivyo, kwa sababu hukuonyesha hivyo. Hukunitajia tofauti ya wastani kati ya makundi, basi nichukue mfano wangu: tuseme kundi la kuruka liliongeza sentimita 2.6 zaidi ya kundi linganishi. Kwa watu 13 na p ya 0.21, mipaka ya uhakika ya asilimia 95 (confidence interval) itaangukia takriban kati ya −1.7 na 6.9. Soma namba hizo polepole. Zinasema kwamba data yako inakubaliana na programu iliyowashusha kidogo, inakubaliana na programu isiyofanya kitu, na inakubaliana pia na programu iliyowapandisha karibu sentimita saba, ambayo kwa mchezaji wa kupiga mpira kwa kichwa ni habari kubwa. Sentensi ya kweli basi ni kwamba utafiti ulikuwa mdogo mno kuamua. SPSS inakupa mipaka hiyo kwenye jedwali lilelile lenye p, upande wa kulia, ambako watu hawafiki. Ripoti tofauti ya wastani, ripoti mipaka yake, halafu p ije mwisho. Kisha chora mchoro mmoja tu: mistari 13, kila kijana na mstari wake kutoka kipimo cha mwanzo hadi cha mwisho, rangi mbili kwa makundi mawili. Kwa watu 13 mchoro huo unaeleza kuliko jedwali lolote.

Sasa swali jipya. Una kitu ambacho barua yako haikukitaja kama hazina, nacho ni mahudhurio. Wiki nane mara mbili ni vipindi 16. Kwa kila kijana unajua, au daftari lako linajua, alihudhuria vingapi kati ya 16, aliacha wiki ya ngapi na kwa sababu gani. Kwa hiyo unaweza kuuliza: je, inawezekana kuendesha programu ya mazoezi ya kuruka ya wiki nane katika sekondari ya kawaida ya Dodoma, na ni nini kinachoikwamisha? Huo ni utafiti wa uwezekano. Ni aina halali kabisa ya utafiti, hufanywa kabla ya majaribio makubwa ili fedha na miguu ya watu isipotee bure. Watu 24 wanatosha kuujibu, na wale 11 walioondoka wanageuka kuwa sehemu ya jibu lako.

Lakini sharti moja, nalo silipunguzi. Useme wazi kwamba umebadilisha. Katika Sura ya Kwanza au ya Tatu andika: utafiti ulipangwa kupima athari, washiriki 11 kati ya 24 hawakumaliza, kwa kushauriana na msimamizi, lengo kuu limekuwa uwezekano wa programu, na athari inaripotiwa kama makadirio ya awali. Ukiandika kana kwamba tangu siku ya kwanza ulikuwa unatafuta uwezekano, umedanganya kwa njia nyingine, na pendekezo lako la awali lipo ofisini lenye sahihi na tarehe.

Tazama pia nani aliyeondoka. Kundi la kuruka lilipoteza wanne kati ya 12, kundi linganishi saba kati ya 12. Mimi sishangai. Kundi linganishi lilipewa nini? Kupimwa mara mbili na kuwatazama wenzao wakifanya kitu kipya. Kijana wa miaka 16 haoni sababu ya kurudi. Ungewaahidi tangu mwanzo kwamba wiki nane zikiisha nao watapewa programu ileile, wengi wangebaki. Liandike hilo kwenye mapendekezo, litamsaidia atakayefuata. Halafu chukua vipimo vya mwanzo vya wale 13 uvilinganishe na vya wale 11. Wakiwa sawa kwa umri na kwa kimo cha kuruka, una ahueni kidogo. Ukikuta walioondoka ndio waliokuwa wanaruka chini zaidi, basi waliobaki si picha ya timu, na msomaji lazima aambiwe.

Niliwahi kukosea hapo mwenyewe. Katika utafiti wangu wa shahada ya kwanza niliwapima wakimbiaji, watano hawakumaliza, nami kwa aibu nikawaondoa kimyakimya, nikaandika kama kwamba hawakuwahi kuwapo. Siku ya utetezi mtahini alifungua kiambatisho cha fomu za ridhaa, akahesabu kwa kidole, akaniuliza: "Hawa watano wako wapi?" Nilisimama bila neno. Alinipa miezi mitatu ya marekebisho, na tangu hapo hakuna kazi ninayoisimamia isiyokuwa na mchoro wa mtiririko wa washiriki: wangapi walialikwa, wangapi walikubali, wangapi waligawanywa kundi lipi, wangapi waliondoka na kwa nini, wangapi walichambuliwa. Uchore huo mchoro leo usiku. Ni visanduku saba au vinane tu.

Sasa chaki. Hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo moyo wa kazi yako ulipo na ndipo utaulizwa sana.

Unakumbuka Septemba 2025, Alphonce Simbu wa Singida alivyoshinda mbio ndefu za ubingwa wa dunia kule Tokyo. Yeye na Mjerumani Amanal Petros walipewa muda uleule, saa 2:09:48, baada ya kilomita 42.195. Kilichowatenganisha ni sekunde 0.03, nazo zilionekana kwenye picha ya mstari wa mwisho. Jicho la mwamuzi lisingeziona. Tanzania ilipata dhahabu yake ya kwanza ya mashindano hayo kwa sababu Simbu alitangulia, na pia kwa sababu kilikuwapo kipimo chenye uwezo wa kuona kwamba ametangulia. Basi jiulize: chaki yako ukutani ina uwezo wa kuona tofauti ya sentimita ngapi?

Bahati nzuri unaweza kulijibu, kwa kuwa ulipima kila mmoja mara tatu. Usitupe marudio hayo ukabaki na mruko bora peke yake. Chukua mruko wa pili na wa tatu wa kila kijana, toa mmoja kwa mwingine, tafuta mtawanyiko wa tofauti hizo, gawa kwa 1.41. Hilo ndilo kosa la kipimo chako. Tuseme mtawanyiko wa tofauti ni sentimita 2.8, kosa la kipimo ni takriban 2.0. Zidisha kwa 2.77, unapata 5.5. Maana yake ni kwamba kijana mmoja akiongeza sentimita 3, huwezi kusema kwa uhakika kwamba yeye ameongezeka. Huenda ni vidole tu vilivyogusa ukuta mapema au kuchelewa. Wastani wa kundi una usahihi zaidi ya hapo, ila kwa mtu mmoja mmoja huo ndio mpaka. Na kumbuka marudio ya siku moja huficha sehemu ya kosa, kwa sababu kati ya siku na siku kuna usingizi, chakula na uchovu. Wachache sana katika ngazi yako hufanya hesabu hii. Ukiifanya, mtahini ataketi vizuri kwenye kiti.

Kipimo hiki cha ukuta kina umri wa zaidi ya miaka 100. Mmarekani Dudley Sargent alikiandika mwaka 1921, na mitego yake inajulikana. Wa kwanza ni kimo cha mkono ukiwa umesimama, kile kinachotolewa kwenye alama ya juu ya mruko ili kupata kimo cha kuruka. Je, ulikipima upya mara ya pili, au ulitumia kile cha mwanzo? Mvulana akiwa kwenye kilele cha kurefuka huongeza sentimita 9 hadi 10 kwa mwaka, kwa hiyo ndani ya wiki nane anaweza kurefuka sentimita moja na zaidi bila kuruka hata mara moja. Vijana wako wa miaka 15 hadi 17, wengine wamepita kilele hicho na wengine bado wanarefuka. Ukitumia kimo cha zamani, urefu wa mifupa unahesabika kama matunda ya mazoezi. Wa pili ni viatu: pekupeku mara zote mbili, au raba zilezile mara zote mbili. Wa tatu ni mkono wa kunyanyua. Kijana asiponyoosha bega lote anaposimama kupimwa, tayari amejipa sentimita mbili za bure.

Halafu lile la saruji na udongo. Nakushukuru kwa kulisema, maana wengi wangelificha. Udongo ulio laini hunyonya nguvu ya msukumo, na mtu huruka chini kidogo kuliko kwenye saruji. Kwa hiyo makundi yote mawili yanaweza kuonekana yameshuka au hayakuendelea, hali ya kuwa ni ardhi iliyobadilika. Kwa kuwa makundi yote yalihamishwa, tofauti kati yao haijaharibika sana. Kilichoharibika ni kauli yoyote kuhusu kundi moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Dawa ipo. Omba ruhusa ya msimamizi na ya mkuu wa shule, hakikisha ridhaa ya wazazi uliyoipata inahusu upimaji wa ziada, kisha uwarudie vijana hata kama ni wanane au kumi tu. Siku moja, nusu waanze barazani waende udongoni, nusu waanze udongoni waende barazani, pumziko la kutosha katikati. Ni asubuhi moja. Utapata makadirio ya ardhi peke yake imekula sentimita ngapi. Kama ruhusa haipatikani, liandike kama udhaifu, kwa sentensi tatu zilizonyooka, usilalamike kuhusu madawati.

Wale wawili walioumia wanahitaji sehemu yao wenyewe kwenye Sura ya Nne. Andika waliumia wapi mwilini, wiki ya ngapi, wakifanya zoezi lipi, chini kulikuwaje, walipewa huduma gani, na kama walirudi mazoezini. Kisha fungua mpango wako wa mazoezi uhesabu: kila kipindi kilikuwa na mara ngapi miguu inatua chini? Mwongozo wa kawaida kwa anayeanza ni miguso 80 hadi 100 kwa kipindi, na saa 48 hadi 72 za kupumzika kabla ya kipindi kinachofuata. Ukikuta ulianza na 140 wiki ya kwanza, au ulipanga Jumatatu na Jumanne kwa sababu ndizo siku ulizopewa, sema. Ukikuta ulifuata mwongozo na bado waliumia, hilo nalo ni la kujua, kwani vijana hawa pengine walikuwa na mechi Jumamosi na kazi za nyumbani Jumapili ambazo mpango wako haukuzihesabu. Na zaidi ya kuandika, nenda ukawaone. Uliwaomba wazazi wao sahihi.

Majina yao yasionekane popote kwenye kitabu. Tumia namba, na orodha inayounganisha jina na namba uiweke mbali na faili la data. Shule nayo usiitaje. Andika "sekondari moja ya kutwa ndani ya Jiji la Dodoma". Tangu Mei 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ikifanya kazi nchini, na taarifa za watoto na za afya zinahitaji uangalifu mkubwa zaidi. Lile faili la Excel lenye majina, umri na uzito ambalo huenda umelituma kwenye kundi la WhatsApp la wanafunzi wenzako ili wakusaidie, liondoe leo. Barua zako za vibali, kuanzia ya chuo na ofisi za mkoa na halmashauri hadi ya mkuu wa shule, ziingie kwenye viambatisho huku majina yamefichwa.

Kuhusu msimamizi. Ujumbe wa "Shikamoo mwalimu, naomba msaada" haujibiki, hasa kwa mtu aliye safarini mwenye wanafunzi kumi na watano. Mwandikie ukurasa mmoja: kilichotokea kwa mistari mitano, mchoro wa washiriki, pendekezo la kubadilisha lengo, na mwisho maswali mawili ya ndiyo au hapana. Kwanza, je, unakubali lengo kuu liwe uwezekano? Pili, je, unaruhusu upimaji wa ziada wa ardhi mbili? Mpe tarehe ya kawaida, siku nne au tano. Kimya kikiendelea, peleka ukurasa uleule kwa mratibu wa utafiti wa idara, ukimjulisha msimamizi kwamba umefanya hivyo. Hilo si kumshtaki mtu. Mratibu yupo kwa ajili hiyo, na msimamizi mwungwana hawezi kuchukia. Usisubiri wiki tatu kwa kuona haya.

Wiki hizo saba nisingezigawa sawasawa. Siku kumi za kwanza ni za data tu: kuingiza karatasi zote upya kwenye kompyuta, mtu mwingine akikusomea namba kwa sauti wewe ukihakiki, maana kosa la 34 kuandikwa 43 halionekani baadaye. Halafu andika Sura ya Nne kabla ya kugusa nyingine yoyote. Ukishajua umepata nini, Sura ya Tatu inarekebishika kwa siku mbili na ya Tano inajiandika kwa wiki. Ya Pili, mapitio ya maandiko, ipunguze; wengi mnaijaza kurasa 30 za nani alisema nini. Acha tafiti zinazohusu kuruka kwa vijana, na zile zinazohusu kwa nini watu huacha programu za mazoezi. Wiki mbili za mwisho ziachie marekebisho, kuchapa na kujalidi, na utenge hela hiyo mapema kwenye bumu. Nimeona wanafunzi wenye kazi nzuri wakikopa siku ya mwisho.

Lipo jambo la lugha, nalo nalisema kwa huruma. Kazi unatakiwa uiandike kwa Kiingereza, na barua yako ya Kiswahili imenyooka kuliko sura nyingi ninazoletewa. Fanya hivi: mweleze mwenzako wa chumbani, huyohuyo, matokeo yako kwa Kiswahili kwa dakika tano, ujirekodi kwenye simu. Sikiliza. Mpangilio wa maelezo yako uko humo. Kisha andika kwa Kiingereza chepesi, sentensi fupi, ukifuata mpangilio huo. Usiipe akili mnemba ikuandikie mjadala wala ikutafutie marejeo. Inaweza kubuni majina ya waandishi na makala ambazo hazipo, kwa lugha tamu isiyotia shaka, na mtahini akitafuta moja tu akaikosa, ataacha kuamini hata vipimo ulivyotoka navyo jasho. Kila unachokirejelea, uwe umekifungua na kukisoma mwenyewe.

Nikugusie kidogo wenzako, kwani najua barua hii wataisoma. Wapo wanaopima pumzi kwa mbio za kwenda na kurudi mita 20, zile zinazoanza kwa kasi ya kilomita 8.5 kwa saa na kuongezeka 0.5 kila dakika. Kwenye kiwanja cha vumbi mguu huteleza pale pa kugeukia, na mtu hutolewa kwa kuteleza kabla pumzi haijamwishia. Wapo wanaokimbiza watu dakika 12 kwa kipimo alichokitoa Kenneth Cooper mwaka 1968, wakampima mmoja saa moja asubuhi na mwingine saa tisa alasiri kwenye jua na upepo wa kiangazi cha Dodoma. Saa ileile, uwanja uleule, kwa wote, na siku hiyo uandike hali ya hewa ilikuwaje.

Na wewe, ukimaliza, rudi shuleni kabla ya kupeleka kitabu chuoni. Mwandalie mwalimu wa michezo ukurasa mmoja kwa Kiswahili: vijana walihudhuria vipindi vingapi, waliacha lini, nini kiliwaumiza, ungebadilisha nini ukirudia. Usimwahidi sentimita ambazo huna. Kila kijana mpe karatasi ndogo yenye vipimo vyake mwenyewe, wakiwemo wale 11, hata kama wana kimoja tu. Nenda mapema asubuhi, kabla ya mstarini, na uanze na wale wawili. Waulize mguu unaendeleaje.